Jicho la Kilobaiti Kumi na Moja

Inatangazwa kwa wananchi wote wenye macho, pamoja na wale wanaosimuliwa na wenzao, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna picha ya serikali itakayotoka nje ya jengo bila kupimwa uzito.

Ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Tatu wa Idara ya Mwonekano, na usidhani ulikuwa mzaha. Mkurugenzi alikuwa amejifungia na kompyuta wiki nzima, akagundua jambo ambalo wataalamu wote walikuwa wamelipita kama watu wanavyopita jiwe njiani: kila picha kwenye kompyuta ina uzito wake. Unaibonyeza, unaulizia habari zake, mashine inakutajia bila kuficha. Kuanzia hapo kazi ya kutawala ikawa rahisi. Picha ya mtu mzito iwe nzito, ya mtu mwepesi iwe nyepesi. Jedwali likabandikwa kwenye korido. Karani, megabaiti mbili. Mkuu wa kitengo, kumi. Mkurugenzi, arobaini. Waziri, themanini, na ikizidi si kosa.

Wafanyakazi walilipokea jedwali hilo kwa moyo mmoja, kwa kuwa mioyo mingine walikuwa wameiacha nyumbani.

Mwenye wasiwasi alikuwa Mchoraji peke yake, yule dada wa chumba cha chini ya ngazi, anayesikia viatu vya wakubwa kabla ya kuwaona. Alikuwa na mwaka wa nne kazini, na miaka yote minne ilikuwa ya majaribio. Kila Ijumaa akirudi nyumbani mama yake alimpokea mkoba, akamtazama usoni, asiulize. Akishindwa kuvumilia, anauliza.

"Barua imetoka?"

"Bado, mama."

"Mwanangu, hata mchuzi mtu huonja mara moja, mara mbili, akajua chumvi imekolea. Wewe wanakuonja mwaka wa nne. Si wamemaliza sufuria?"

Safari hii, hata hivyo, kulikuwa na ahadi. Idara ilikuwa inahamia jengo jipya, na juu ya mlango wa jengo hilo ilitakiwa nembo ya chuma yenye urefu wa mita tatu: Jicho Lisilosinzia, lenye kope kumi na mbili. Mkurugenzi alimwita Mchoraji akamwambia wazi. Nembo ikiwa ukutani siku ya ufunguzi, barua ya kuthibitishwa kazini inatoka. Isipokuwa ukutani, basi majaribio yatakuwa yametoa jibu, akatafute sufuria nyingine.

Mchoraji alilichora Jicho kwa siku mbili. Lilikuwa jicho zuri, lenye kutazama bila kukodoa. Akalipeleka kwenye Kamati ya Uzito wa Picha, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi, na mjumbe wake pia.

"Kilobaiti kumi na moja," Mkurugenzi alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena kwa matumaini. "Binti, juzi mlinzi wa getini alimpiga paka wake picha kwa simu. Unajua yule paka alikuwa na uzito gani?"

"Sijui, mzee."

"Megabaiti tatu! Paka! Tena amelala! Hili Jicho la serikali liko macho, na halifiki hata ukucha wa paka."

"Mzee, hizo ni aina mbili za picha. Ya paka ni ya vitone. Simu imemgawa paka vitone milioni kadhaa, kila kitone ikakiandikia rangi yake. Wenyewe wanaiita rasta."

"Neno hilo lisitumike humu. Tuna kanuni za nywele."

"Sawa, mzee. Hii yangu ni ya mistari, inaitwa vekta. Haina kitone hata kimoja, imebeba maelekezo tu. Anzia hapa, pinda hivi, fika pale, jaza rangi nyeusi. Ni kama unavyomwelekeza mgeni kwako: nenda mpaka kwenye nguzo, kata kushoto, geti la bluu. Maneno hayo hayana uzito, lakini mgeni anafika."

Mkurugenzi alitafakari. Kalamu yake ilizunguka mara tatu juu ya meza.

"Kwa hiyo mimi nimeagiza nyumba, wewe umeniletea maelekezo."

"Ndiyo uzuri wake, mzee. Ukitaka Jicho liwe dogo kama kifungo cha shati, kompyuta inalichora upya kwa kipimo hicho. Ukilitaka kubwa kama uwanja wa mpira, inalichora upya vilevile, na ukingo unabaki mkali. Ile ya vitone ukiikuza hakuna kinachoongezeka. Unavinenepesha tu vile vitone ulivyokuwa navyo, mpaka unaviona vimejipanga kama vigae vya bafuni."

"Kunenepa ni afya," Mkurugenzi alisema, na Kamati nzima ikakubaliana naye.

Uamuzi ukasomwa papo hapo. Picha isiyo na uzito haina mamlaka. Jicho lisirudishwe kwa mchoraji, kwa kuwa ndiye aliyelikondesha. Lipitishwe utaratibu wa kawaida wa kuhalalisha hati: lichapwe kwenye karatasi, ligongwe muhuri, lipigwe skana, litumwe chumba kinachofuata. Na hicho chumba kilichape tena, kiligonge tena, kilipige skana tena. Vyumba tisa, mihuri tisa. Tena skana zote ziwekwe kwenye kipimo cha mwisho, kile cha vitone vingi, mnyama ale ashibe.

Mihuri ya vyumba vyote ilitunzwa na Mama Mihuri, kwenye kopo la biskuti, naye ndiye aliyetembea na karatasi mlango hadi mlango. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na magoti yanayolia kama bawaba. Alilitazama Jicho likitoka kwenye printa ya chumba cha kwanza, jipya, jeusi, linang'aa.

"Wallahi ni zuri," alisema. "Haya, tuliharibu."

"Mama, huwezi hata kuruka chumba kimoja?"

"Mwanangu, humu ndani kitu hakiwi cha kweli mpaka kiwe kimechoka."

Akagonga IMEPOKELEWA katikati ya kope.

Chumba cha pili muhuri uliangukia kwenye mboni. Cha tatu karani aliweka glasi ya chai juu ya karatasi akitafuta kalamu, na skana, ambayo haina ubaguzi, ikaichukua alama ya glasi kwa heshima ileile iliyolichukulia Jicho. Kwake kope ni vitone, na vumbi ni vitone. Chumba cha tano printa iliishiwa wino ikaendelea kwa imani. Chumba cha saba kope kumi na mbili zilikuwa zimeshikana zikawa sharubu. Chumba cha nane weupe wa jicho ulijaa wino wa watu wanane, na Jicho Lisilosinzia likafumba.

Lakini uzito! Lilipotoka chumba cha kwanza lilikuwa megabaiti sitini. Cha nne, mia mbili na kumi. Cha nane, mia saba. Taarifa za uzito zilisomwa kila jioni kwenye korido kama habari za mgonjwa aliyepata nafuu, na watu wakapeana mikono.

Muhuri wa tisa ni wa Mkurugenzi, na Mkurugenzi hakubali kazi nyeti ifanywe na magoti ya mtu mwingine. Aligonga mwenyewe, akaenda kwenye skana mwenyewe. Kwa wino mwingi karatasi ilikuwa imejikunja kama jani la muhindi wakati wa ukame, na skana ya ofisi yake haikuwa na mfuniko, mfuniko ulikwenda matengenezo miaka miwili iliyopita na haujaandika barua. Akaibana karatasi kwa kidole gumba cha mkono wa kulia.

Kidole hicho kilijulikana. Ukucha wake ulikuwa na ufa ulionyooka kutoka juu hadi chini, kumbukumbu ya siku mlango wa gari la ofisi ulipombana, na mwenyewe alikuwa akikionyesha kwenye vikao kama mwanajeshi anavyoonyesha kovu. "Mnaona? Utumishi."

Mwanga wa skana ukapita. Picha ikapimwa: megabaiti mia tisa. Ilipofunguliwa kwenye kompyuta ilichelewa kutokea kiasi kwamba wafanyakazi waliokuwa wamekaa waliona vibaya, wakasimama. Ilipotokea wakapiga makofi.

Mchoraji hakupiga. Alikuwa ameinama karibu na kioo cha kompyuta.

"Mzee, hapa upande wa kushoto kuna kitu kimeingia, kama..."

"Binti. Mihuri mingapi hiyo?"

"Tisa."

"Unataka kuiambia mihuri tisa kwamba haikuona?"

Hakutaka. Akalibeba Jicho kwenye flashi hadi karakana ya Fundi, ambako chuma kinakatwa kwa mashine yenye moto mwembamba kama sindano. Fundi ni mtu wa kufuta mikono kwenye suruali kabla ya kusalimia. Akaichomeka flashi, akangoja, akaenda kunywa maji, akarudi, picha ikawa imefunguka.

"Dada, hii mashine yangu haina macho. Inakwenda inakoambiwa iende. Nipe njia: anzia hapa, pita hapa, ishia pale. Sasa hivi vitone vyako mamilioni nikiiwashia, itakwenda wapi? Itanipigia kelele tu."

"Inataka mistari."

"Mistari. Huna?"

Mchoraji aliingiza mkono mfukoni. Humo mlikuwa na flashi nyingine, ndogo, na ndani yake Jicho la siku ya kwanza, kilobaiti kumi na moja, kope zote kumi na mbili zimesimama. Fundi aliuona ule mkono.

"Lete tukate, dada. Saa mbili tu. Nani atajua?"

Ufunguzi ulikuwa baada ya siku nne. Mchoraji alimwona moyoni mama yake akipokea mkoba. Akakumbuka pia aya ya kumi ya Waraka: picha isiyo na mihuri ni ya kughushi, na mtumishi wa majaribio atakayeitumia atakuwa amejijaribu mwenyewe. Akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

Akarudi kwa Mkurugenzi, akaeleza taratibu. Kwamba mashine inahitaji njia. Kwamba njia anayo tayari, safi, ya siku ya kwanza. Au, kama hiyo haifai, itabidi akae aifuatishe hii yenye mihuri, pale wino unapokutana na weupe apitishe mstari, kila alama, kubwa na ndogo.

"Ile nyepesi sitaki kuisikia," Mkurugenzi alisema.

"Basi nifuatishe hii. Ila mzee, nikiondoa angalau zile zilizoingia kwa bahati mbaya..."

"Ukiondoa? Kwa cheo gani? Mimi nimeidhinisha, wewe uondoe?"

"Hapana, mzee. Naomba tu uniandikie."

Mkurugenzi alipenda sana kuandika. Aliandika kwa wino wa kijani: *Nembo ikatwe kama ilivyoidhinishwa, bila kupunguza wala kuongeza. Mistari ifuate kila kilichopo.* Akasaini.

"Kila kilichopo, mzee?"

"Kila! Kilichopo! Nikuchoree?"

"Hapana, mzee. Umeshachora."

Sasa, ukitaka kujua utii ni nini, ungemwona Mchoraji siku mbili zilizofuata. Alifuatisha Jicho lililofumba. Alifuatisha sharubu. Alifuatisha duara la glasi ya chai na IMEPOKELEWA iliyobaki nusu. Hivyo vyote vilikuwa hafifu, vimechujuka kwa kupita skana mara nyingi, akavifuatisha hafifu vilevile. Lakini kidole kilikuwa kimepita skana mara moja tu. Kilikuwa kipya kuliko kila kitu kwenye ile picha, kila mkunjo unaonekana, nacho kikaomba haki yake. Mchoraji akakipa haki yake. Ule ufa wa ukucha peke yake ulimchukua mchana mzima, na hakuna siku nyingine katika miaka minne aliyofanya kazi kwa makini vile.

Fundi alipoifungua kwenye mashine, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

"Dada. Hiki nini?"

"Kilichopo," alisema Mchoraji, akamwekea barua ya wino wa kijani mezani.

Fundi aliisoma. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mabega yakawa yanamruka, na ilimbidi mashine aiwashe kesho yake.

Siku ya ufunguzi, asubuhi, barabara ilifagiliwa mara mbili. Waziri alikuja, hotuba ikasomwa, Mkurugenzi akataja megabaiti mia tisa na watu wakashangilia bila kujua ni za nini. Kamba ikavutwa. Kitambaa kikaanguka.

Juu ya mlango, kwa chuma kinachong'aa, urefu wa mita tatu, palikuwa na jicho lililofumba, na kidole gumba kikubwa, kutoka kushoto, kimetiwa ndani yake.

Mwanamke mmoja, aliyekuwa kwenye foleni ya vyeti tangu jengo la zamani, akainua uso, akatazama kwa muda, akasema bila chuki yoyote:

"Kumbe wanajua wanachotufanyia."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza, kutoka mbele kwenda nyuma, kikavuka barabara, kikaingia madukani. Waziri hakucheka. Alikuwa bado ameshika kamba.

"Mkurugenzi, hicho kidole ni cha nani?"

"Mheshimiwa, hiyo ni... ishara ya idhini."

"Idhini ya nani?"

"Ya... ya utaratibu, Mheshimiwa."

"Utaratibu una ukucha?"

Nembo haikuweza kushushwa. Waraka Namba Tatu ulisema wazi kwamba kilichogongwa mihuri tisa hakifutwi ila kwa mihuri tisa, na kopo la biskuti, kwa taarifa ya Mama Mihuri, lilikuwa limepotea katika kuhama. Alitoa taarifa hiyo akiwa amelikalia. Kwa hiyo Waziri aliunda Kamati ya Utambuzi wa Dole. Kila mtumishi aliitwa aonyeshe vidole vyake, kuanzia wa ngazi ya chini, na mlinzi akatangulia. Mkurugenzi alikuwa na siku tatu sasa mkono wa kulia uko mfukoni, anasalimia watu kwa kichwa.

Ilipofika zamu yake hakuutoa. Alisimama akajitetea kitaalamu, maana mtu akibanwa sana hata elimu humwingia.

"Waheshimiwa, kidole kile hakiwezi kutambulika kisayansi. Picha yoyote ya kompyuta imetengenezwa kwa vitone. Ukiikuza, vitone vinanenepa, vinakuwa kama vigae vya bafuni. Sura ya mtu inapotea kabisa. Mchoraji wetu hapa ni shahidi, yeye ndiye aliyenifundisha. Binti, waonyeshe. Kikuze!"

Ukuta wa ukumbi ulikuwa na pazia jeupe na projekta. Mchoraji alifungua nembo. Akakikuza kidole kikajaa pazia.

"Zaidi," alisema Mkurugenzi.

Akakuza. Ukabaki ukucha.

"Endelea, endelea, sasa hivi kinapasuka."

Ukabaki ufa. Ulikuwa mkubwa kama mlango, umenyooka kutoka juu hadi chini, ukingo wake mkali kama wembe, hakuna kigae wala kitone. Mjumbe mmoja wa Kamati, ambaye alikuwa ameonyeshwa ufa ule vikao vingi na kuambiwa ni utumishi, alikohoa.

"Mbona hakipasuki?" Mkurugenzi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hiki ni cha mistari, mzee," Mchoraji alisema kwa upole. "Uliagiza mwenyewe. Mashine inakichora upya kila unapokikuza. Hata ukikifanya kikubwa kama mlima kitabaki kidole chako."

"Utoe mkono mfukoni," alisema Waziri.

Barua mbili zilichapwa mchana huo huo, zote zina nembo mpya juu, kama sheria inavyotaka. Ya kwanza ilimthibitisha Mchoraji kazini. Mama yake aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mkoba wa mwanawe begani mwake, akairudia, kisha akakigusa kile kidole kwa kidole chake.

"Na hiki?"

"Cha aliyekuwa bosi, mama."

"Aah. Kumbe ndicho kilichokuwa kinaonja."

Barua ya pili ilimhamishia Mkurugenzi kwenye Ghala la Fomu Zilizofutwa. Asubuhi iliyofuata alipita chumba cha chini ya ngazi akiwa na boksi la vitu vyake. Alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Binti, samahani. Hicho kidole changu, kwenye kompyuta, kina uzito gani?"

Mchoraji alikibonyeza, akaulizia habari zake, na mashine ikataja bila kuficha.

"Kilobaiti tisa, mzee."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akashukuru, akalikumbatia boksi lake vizuri, akatoka. Pale getini paka wa mlinzi alikuwa amelala katikati ya njia, amejinyoosha, megabaiti zake zote tatu juani. Mkurugenzi alisimama. Akazunguka pembeni kabisa, karibu aguse ukuta, kwa heshima, kama mtu anavyompisha aliyemzidi cheo.